Kutoka karai hadi mwiko: namna ya kupata mafundi wanawake kwenye saiti yako na kuwabakisha

Ukipita saiti nyingi za Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza utawakuta wanawake. Wanachota maji, wanabeba mchanga, wanapokezana karai za zege siku ya kumwaga jamvi (sakafu ya zege), wanamwagilia matofali asubuhi na jioni. Kunduchi, Dar es Salaam, wamekuwa wakiponda kokoto kwa nyundo kwa miaka mingi, na kokoto hizo zimeingia kwenye nguzo za majengo ya jiji hili. Kwa hiyo anayesema anataka "kuwaingiza wanawake kwenye ujenzi" amechelewa, maana wameshaingia zamani. Kinachokosekana ni mwanamke aliyeshika mwiko, anayepima kona, anayefunga nondo za nguzo, anayesimamia gengi la watu kumi na kulipwa kwa cheo hicho.

Mwongozo huu nimewaandikia watu watatu: mkandarasi wa daraja la chini, fundi kiongozi mwenye gengi lake, na kamati ya ujenzi ya shule au zahanati. Habari za wahandisi na wasanifu majengo wa kike tunazisikia, na zinatia moyo sana. Ila nyumba nyingi za nchi hii hujengwa na mafundi ambao hawajawahi kukaa darasa la uhandisi, na huko ndiko wanawake wamebaki chini kabisa.

Hatua ya kwanza: hesabu kwa kazi, usihesabu kwa vichwa

Chukua daftari la malipo la wiki iliyopita. Andika kila jina, kazi aliyofanya mtu huyo, na alicholipwa. Usiishie kwenye swali la "wanawake wangapi". Uliza wangapi ni mafundi, wangapi ni saidia fundi, wangapi ni wa kuchota maji. Saiti inaweza kuwa na wanawake wanane kati ya watu ishirini na isiwe na fundi hata mmoja wa kike. Mkandarasi atapiga picha, atasema ametimiza, na wale wanane watamaliza jengo wakiwa na ujuzi uleule walioanza nao msingi.

Lengo la kwanza liwe dogo na la kweli. Kwa jengo la vyumba viwili vya madarasa, wanagenzi watatu wa kike wanaomaliza mradi wakiwa na uwezo wa kujenga ukuta ulionyooka ni mafanikio makubwa.

Hatua ya pili: tengeneza saiti kabla hujamwita mtu

Choo kwanza. Saiti nyingi zina shimo moja lililozungushiwa magunia, bila mlango. Mwanaume atavumilia au atakwenda nyuma ya rundo la mchanga. Mwanamke ataacha kunywa maji tangu asubuhi ili asiende kabisa, na kazi ya juani bila maji inaumiza. Jenga choo cha pili, chenye mlango wa mbao au bati na komeo la ndani, ndoo ya maji, sabuni, na chombo chenye kifuniko cha kutupia pedi. Gharama yake ni mabati machache na siku moja ya saidia wawili. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuweka huduma hizi, na mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, akija huangalia mambo kama hayo.

Pili, chumba cha kubadilishia nguo. Watu hawapendi kupanda daladala wakiwa na ovaroli lenye saruji, na mwanamke hawezi kubadili nguo hadharani. Stoo ya saruji yenye kufuli inatosha, mradi kuwe na saa maalumu na funguo asishike mtu mmoja wa kiume peke yake.

Tatu, vifaa vya kinga vinavyowaenea. Buti namba 43 kwenye mguu wa namba 38 ni hatari kwenye ngazi, na glovu kubwa huteleza mtu akishika nondo. Ukiagiza, pima miguu na mikono ya watu wako kwanza. Mkanda wa usalama wa kufanyia kazi juu nao lazima ukaze vizuri mwilini. Uliolegea haumkingi mtu akianguka.

Hatua ya tatu: watafute walipo

Anzia saitini kwako mwenyewe. Yule anayechota maji kwa miezi sita anajua zege lako linavyochanganywa kuliko kijana utakayemleta kesho. Muulize kama anataka kujifunza ufundi. Wengine watakataa, na hiyo ni haki yao, lakini wengi hawajawahi kuulizwa.

Kisha nenda vyuoni. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, wanafundisha uashi, useremala, umeme wa majumbani, bomba na upakaji rangi, na wanafunzi wao wanahitaji mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Andika barua kwa mkuu wa chuo kwamba una nafasi mbili au tatu na ungependa wasichana wa uashi. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vile ambavyo watu huviita FDC, navyo vinafundisha ufundi. Vimekuwa vikiwapokea kinamama vijana waliokatisha shule, na baadhi vina sehemu ya kulelea watoto wakati mama yuko darasani. Kwa kazi za barabara, chuo cha Mbeya kilichojulikana kwa miaka mingi kama ATTI kimekuwa kikifundisha teknolojia ya nguvukazi, yaani kutumia mikono ya watu zaidi kuliko mitambo mikubwa, na vikundi vya wanawake vimepitia hapo kujifunza matengenezo ya barabara za vijijini, mifereji na makalvati.

Usimchukue mmoja. Mwanamke mmoja katikati ya wanaume ishirini anageuka maonyesho: kila kosa lake linahesabiwa kuwa la wanawake wote, na akisumbuliwa hana wa kumwambia. Wachukue wawili au watatu kwa pamoja, tena wa fani moja, ili washindane na wasaidiane.

Mtasikia hoja ya nguvu: ujenzi unataka misuli. Tuliangalie jambo hili kwa uzito wake. Ndoo ya lita 20 ya maji ni kilo 20. Karai la zege bichi juu ya kichwa, siku nzima, ni kazi nzito kuliko kupiga plasta, kufunga nondo, kupanga marumaru au kupima kona, na tayari tumewapa wanawake kazi hiyo kwa malipo ya chini kabisa. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni mzito kwa kila mgongo. Wazee wengi wa ufundi leo wanatembea wameinama kwa sababu ya kuubeba peke yao ujanani. Weka toroli, agiza mfuko ubebwe na watu wawili, na hilo liwe agizo kwa wote.

Hatua ya nne: panga ngazi ya kujifunza, kazi kwa kazi

Hapa ndipo mipango mizuri hufia. Mwanagenzi anapokelewa, anapewa koleo achanganye udongo (saruji na mchanga wa kujengea), na miezi mitatu baadaye bado anachanganya udongo. Fundi hana nia mbaya. Analipwa kwa kipande, kwa tofali au kwa mita ya mraba, na kila dakika anayosimama kumfundisha mtu ni hela inayomtoka mfukoni. Ukitaka afundishe, mlipe kufundisha. Kubaliana naye kiasi cha nyongeza kwa kila mwanagenzi, na ukitoe kwa awamu kadiri mwanagenzi anavyovuka kila hatua na kupimwa na mtu mwingine. Bila hilo, mengine yote yatabaki maneno mazuri.

Ngazi yenyewe inaweza kwenda hivi kwa uashi.

Mwanzo kabisa ni vipimo. Mfundishe kusoma futi (tepu ya kupimia) kwa milimita, kutumia pima maji ya kuonyesha usawa na timazi ya kuonyesha wima, kuhamisha usawa kwa mpira wa maji kutoka kona moja hadi nyingine, na kupata kona ya nyuzi 90 kwa tatu, nne, tano: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari ukitoka mita 5 kamili kona imekaa. Mambo haya hayahitaji nguvu hata chembe, na ndiyo yanayomtofautisha fundi na kibarua. Anayeyajua hawezi kurudishwa kwenye ndoo kirahisi, kwa sababu gengi zima linamhitaji.

Halafu mchanganyiko. Ajue sehemu moja ya saruji kwa mbili za mchanga na nne za kokoto kwa zege la kawaida, moja kwa sita kwa udongo wa kujengea, moja kwa nne kwa plasta. Ajue kwa nini maji yakizidi zege linakuwa dhaifu hata kama linamwagika kwa urahisi.

Kujenga ukuta kuanze kwa mazoezi. Changanya mchanga na chokaa bila saruji, mpe matofali arobaini, ajenge kona na kipande cha ukuta pembeni, jioni abomoe, asafishe matofali, kesho ajenge tena. Vyuo vya ufundi hufanya hivyo, na hakuna tofali linalopotea. Akishaweza kunyoosha ukuta kwa kamba na kuacha kiungo cha milimita 10 kila mahali, mpeleke kwenye ukuta wa kweli. Anza na matofali ya msingi yatakayofukiwa chini ya jamvi, kwani hapo ukuta utafunikwa na udongo na hautatazamwa na mtu. Kisha kuta za ndani zitakazopigwa plasta. Kona za nje na pembe za madirisha ziwe za mwisho. Kwa mpangilio huu kosa la mwanagenzi halikugharimu kitu, na mteja hana cha kulalamikia.

Plasta vilevile: aanzie ndani ya choo na stoo, amalizie ukuta wa mbele.

Nondo zinastahili neno lake, kwa kuwa ni kazi ambayo mafundi viongozi huwanyima wanawake bila sababu yoyote ninayoweza kuiona. Kukata, kukunja ringi (zile zinazozungushwa kwenye nondo ndefu) kwenye meza ya misumari, kuzipanga kwa nafasi sawa ya sentimita 15 au 20 kama mchoro unavyosema, kuzifunga kwa waya na kuziinua kwa vipande vya zege ili zisiguse mbao: hiyo ni kazi ya makini na mikono mizuri. Fundi nondo haachwi nyuma na mradi wowote wenye ghorofa. Mwanagenzi wa kike anayejifunza nondo pamoja na uashi ana soko pana zaidi kuliko anayejifunza rangi tu. Rangi na marumaru ni fani zenye heshima na pesa, lakini naona wanawake wakisukumwa huko wote, na wakishamaliza huko hawaitwi tena mapema, jengo linapoanza.

Mpe vifaa vyake. Mwiko, pima maji, futi, nyundo, kamba na timazi. Asiye na vifaa huazima, na anayeazima hufanya kazi mwenye kifaa akipumzika. Kama huwezi kumpa bure, kata kidogo kidogo kila wiki, mkubaliane kwa maandishi, na vifaa viwe mali yake tangu siku anapovipokea. Na aitwe fundi mbele ya watu mara tu anapofikia kazi hiyo, kama wenzake wanavyoitwa. "Mrembo" na "baby" ziishie getini.

Hatua ya tano: malipo

Fundi mara nyingi hulipwa mara mbili ya saidia, au zaidi. Kwa hiyo kumchelewesha mtu kwenye usaidia ni kumchukulia nusu ya mshahara wake. Weka siku ya kumpima. Mwambie tangu mwanzo: ukijenga ukuta wa mita tatu kwa timazi na kamba, na msimamizi akaupitisha, Jumatatu inayofuata unalipwa kiwango cha fundi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa jinsia na kwa ujauzito, na inamtaka mwajiri ahakikishe mwanamke na mwanaume wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kazi ya kipande inarahisisha hili: mita ya mraba ya plasta ina bei moja, aliyeipiga awe nani. Bandika bei hizo kwenye ubao wa saiti.

Lipa moja kwa moja kwenye simu ya mwenyewe. Hela inayopitia kwa fundi kiongozi hukatwa njiani, na anayekatwa zaidi ni yule asiyeweza kugomba.

Hatua ya sita: usumbufu na rushwa ya ngono

Wanawake wengi walioacha ufundi hawakushindwa kazi. Waliambiwa na nyapara kwamba kesho jina litaitwa au halitaitwa kutegemea na watakavyojibu leo jioni. Nguvu ya nyapara inatoka kwenye kuita majina getini kila asubuhi, kwa hiyo iondoe. Andaa orodha ya wiki nzima Jumamosi, isainiwe na msimamizi na mtu wa pili, ibandikwe. Kumwondoa mtu kwenye orodha kuhitaji sababu iliyoandikwa.

Teua watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja awe mwanamke, tena wasiwe wa gengi moja. Eleza siku ya kwanza, mbele ya wote, kwamba atakayemgusa au kumdai mtu mwili ataondoka siku hiyo hiyo, na atakapotokea wa kwanza aondoke kweli, hata akiwa fundi wako bora. Kudai ngono ili utoe kazi ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, na kupiga ni bure. Iandike kwenye mlango wa choo cha wanawake, mahali mtu anaweza kuisoma bila kuangaliwa.

Hatua ya saba: mimba, mtoto, na saa za kazi

Sheria hiyo ya ajira inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi, ana haki ya kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Mjamzito asipewe kazi ya hatari. Kwenye ujenzi hiyo ina maana ya kumshusha jukwaani, kumwondoa kwenye vumbi la saruji na mizigo, na kumpa vipimo, hesabu ya vifaa, stoo, au ukaguzi wa matofali, kwa malipo yale yale. Tatizo ni kwamba vibarua wengi hawana mkataba wowote, na bila maandishi haki hizi zinakuwa ngumu kudai. Mwandikie mkataba wa mradi, hata ukurasa mmoja, umchangie NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), na hakikisha umejisajili na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Saa za kuanza nazo zizungumzwe. Mama anayempeleka mtoto shule anaweza kufika saa moja na nusu na kufidia jioni. Siku za kumwaga zege la ghorofa, ambapo kazi huvuka hadi usiku, tangaza mapema na andaa usafiri wa kurudi.

Hatua ya nane: karatasi, na kazi za serikali

Ujuzi wa saitini usiokuwa na cheti unaishia kwenye saiti hiyo. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo: fundi anapimwa kwa anachokijua, anajaziwa mapengo, anapewa cheti. Ukiwa na wanagenzi waliofikia kiwango, walipie na wapeleke kwa pamoja.

Kamati za ujenzi zina uwezo mkubwa kuliko zinavyojua. Mwaka 2021 madarasa 15,000 yalijengwa kwa fedha za UVIKO-19, na shule na zahanati nyingi zimejengwa kwa force akaunti, ambapo kamati hukubaliana na fundi wa eneo hilo moja kwa moja. Kamati inaweza kumwambia fundi kabla ya kusaini: utachukua wanagenzi watatu wa kike kutoka kata hii, utawafikisha kwenye kujenga ukuta, na kila ukija kudai malipo utaleta orodha ya watu na kazi wanazofanya. Mwambieni wakati bado anaihitaji kazi. Baada ya msingi kumwagwa hatasikiliza.

Wanaotaka kusimama wenyewe, njia zipo. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo, na zabuni zinapitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa kielektroniki. Halmashauri zinatoa mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nne kati ya hizo zikiwa za vikundi vya wanawake. Mashine ya kufyatulia matofali, mashine ya zege au seti ya majukwaa ya chuma ni vitu vinavyolipa mkopo kwa kukodishwa. Kule Kayonza, Rwanda, wanawake walifyatua na kuchoma wenyewe matofali zaidi ya laki nne ya kituo chao cha wanawake kilichofunguliwa mwaka 2013, na wakabaki na ujuzi wa biashara mkononi. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hutoa kazi ndogo za matengenezo ya barabara kwa vikundi vya kijamii. Na Bodi ya Usajili wa Makandarasi ina madaraja saba kwa makandarasi wa majengo, la saba likiwa la kuanzia.

Ila kikundi cha wanawake kilichopata zabuni kisha kikakodi mafundi wote wa kiume kimewapa wanawake risiti tu. Mkianzisha kikundi, hakikisheni angalau theluthi ya wanachama wanashika mwiko, nondo au bomba, na mwanachama mmoja anajua kusoma mchoro na kuandaa makadirio ya vifaa.

Kila Jumamosi ya malipo, fungua tena lile daftari la hatua ya kwanza. Tazama safu ya kazi. Kama baada ya miezi mitatu majina ya kike bado yameandikwa "saidia" mstari hadi mstari, usitafute wanagenzi wapya. Kaa na fundi kiongozi, mwonyeshe kurasa hizo, na zuia nyongeza yake ya kufundisha mpaka mmoja wao apimwe ukuta wake.